Jogoo wa Redio ya Magodoro

Kwa miaka minne niliamsha jiji zima, na hakuna aliyejua.

Watu walidhani mimi ni jogoo.

Sitanii. Kaa vizuri nikupe mkanda mzima.

Juzi kuna mtu kaweka mtandaoni historia ya vituo vya redio vya jiji letu. Kaandika vizuri tu: picha za mitambo, miaka, minara. Alipofika kwenye vituo viwili vya kwanza vya binafsi, akasema viliungana "kutokana na maono ya pamoja ya wawekezaji."

Maono!

Chai ilinitoka puani. Mimi nilikuwepo. Maono hayakuwepo. Alikuwepo kuku, na daktari wa mifugo.

Turudi nyuma.

Zamani redio ilikuwa moja, ya nchi nzima. Inasoma habari, inapiga muziki, inazima. Siku serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua vituo, wa kwanza kukimbilia kibali alikuwa muuza magodoro mmoja tuliyemwita Mzee Masafa. Sababu yake kuu ilikuwa apate kutangaza magodoro yake bila kumwomba mtu.

Studio ikawa juu ya duka lake. Ili sauti isirudi kama ya mtu aliye kisimani, kuta zote tukazibandika magodoro. Mlango nao godoro. Ukipiga chafya mle ndani, hata mwenyewe huisikii. Mjini wakatubatiza Redio ya Magodoro.

Mimi nilikuwa fundi mitambo.

Mzee Masafa alitaka matangazo yafunguliwe na jogoo, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Tukarekodi jogoo wa jirani kwenye kanda. Siku ya nane, dakika moja kabla ya saa, mashine ikaitafuna ile kanda. Nikaivuta, ikatoka kama tambi.

Mzee Masafa alikuwa amesimama mlangoni na suti yake. Taa nyekundu ikawaka.

Sijui nini kilinipata. Nikasogelea kipaza sauti, nikafumba macho, nikawika.

Mzee Masafa akajipangusa suti, akasema, "Kesho tena."

Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Maisha yakaenda. Naamka saa kumi alfajiri, nasukutua maji ya uvuguvugu, nawika sekunde sita, kisha narudi kwenye waya zangu. Jiji lilipenda yule jogoo balaa. Watoto waliandika barua kuuliza anakula nini.

Mwaka wa tatu, ng'ambo ya barabara, juu ya ghala la mayai, kikafunguliwa kituo cha pili. Mwenye ghala alibandika kuta zake trei za mayai. Redio ya Trei.

Nao wakaja na jogoo wao.

Siku ya kwanza nilipomsikia, nilidondosha koleo. Jogoo yule alikuwa na pumzi! Alipanda, akakaa kule juu, akashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi na viatu vipya. Watu wakasema bila shaka ni jogoo halisi, maana anakaa kwenye ghala la mayai kabisa.

Nikaanza kunywa tangawizi. Nikaanza kumeza mayai mabichi. Usiniulize jogoo anakulaje mayai, nilikuwa na hali mbaya.

Sasa katikati ya vita hiyo, mimi nilikuwa nimechumbia.

Mchumba wangu alikuwa nesi, msichana mcheshi ajabu. Tatizo alikuwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, mjane, mgongo umenyooka kama rula. Nilipokwenda kujitambulisha aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, na hakupenda kitu chochote alichokutana nacho njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Binti yangu anasema uko redioni. Unasoma habari?"

"Hapana, mama."

"Unatangaza mpira?"

"Hapana, mama. Niko idara ya asubuhi."

"Mnafanya nini huko idara ya asubuhi?"

Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Ungekuwa wewe ungesemaje? Mama, nawika?

"Tunaanzisha siku," nikasema.

Akanikata jicho. Kisha akasema maneno yaliyonichoma hadi leo:

"Redio yenu siisikilizi. Jogoo wenu yule ana mafua."

Nikajikaza kisabuni. "Mafua, mama?"

"Mafua. Halafu mwishoni anapandisha, kama anauliza swali. Jogoo haulizi. Jogoo anatoa taarifa."

Nesi wangu akacheka. Mimi nikacheka pia, ila ndani nilikuwa nalia.

Mama akasema hampi binti yake mtu asiyejua kueleza kazi yake. Nikajipange, nikipata maelezo nirudi.

Mwezi mmoja baadaye, Mzee Masafa akafanya jambo bila kumwuliza mtu. Aliingia hewani katikati ya tangazo la magodoro akasema, "Hao wa ng'ambo, kama ni wanaume, waje na jogoo wao mbele za watu. Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi wa chuo cha ufundi!"

Nikamfuata ofisini mbio.

"Bosi, jogoo ni mimi."

"Najua."

"Sasa nitapanda jukwaani vipi?"

"Wewe utakaa nyuma ya pazia na kipaza sauti. Mbele tutaweka jogoo kwenye tundu. Nitamnunua mwenyewe."

"Bosi, unajua kuchagua jogoo?"

"Mimi nimeuza magodoro miaka ishirini. Nitashindwa na ndege?"

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu walikalia hadi madirisha. Waliomba jaji asiye na upande, wakaletewa daktari wa mifugo, bwana mmoja mpole mwenye miwani minene.

Mimi nikapita mlango wa nyuma, nikainama, nikanyata hadi nyuma ya pazia.

Nikakuta mtu.

Alikuwa amechuchumaa amenipa mgongo, ana chupa ya maji ya uvuguvugu, anasukutua. Mbele yake kulikuwa na kipaza sauti. Nikadhani ni mfanya usafi kapumzika.

"Samahani, mama," nikanong'ona, "hapa pana kazi kidogo..."

Akageuka.

Mama mkwe.

"Shikamoo, mama," ikanitoka yenyewe.

"Marahaba," na yeye ikamtoka yenyewe, nusu neno nusu maji.

Kisha tukabaki tunatazamana, mashavu yake bado yamejaa maji.

Akayameza. "Unafanya nini hapa?"

"Niko kazini, mama. Na wewe?"

"Niko kazini."

Nikaangalia kipaza sauti chake. Akaangalia changu. Niliona hesabu ikipita usoni mwake, pole pole.

"Wewe ndiye yule mwenye mafua?"

"Ndiyo, mama."

"Pole."

Kumbe alikwenda Redio ya Trei kushona mapazia ya studio. Akiwa kwenye ngazi anapima dirisha, jogoo wao wa kukodi akagoma kuwika. Mama alikuwa amelea wadogo zake sita kwa kuwachekesha na milio ya wanyama. Akawika palepale juu ya ngazi, sindano mdomoni. Hawakumwachia tena. Nyumbani akasema anawahi kufungua duka.

"Binti yangu asijue," akaninong'oneza.

"Kwangu pia, mama, asijue."

Tukapeana mkono kama wafanyabiashara.

Mshereheshaji akatangaza, "Tunaanza na Magodoro!"

Nikasogelea kipaza sauti. Nikatoa kitu kama bawaba ya mlango mbovu. Ukumbi ukazomea.

Nikasikia kidole kinanichoma ubavuni. "Tumbo!" Mama mkwe alikuwa ametoa macho. "Unawika kwa pua. Tumia tumbo! Na mwisho ushuke!"

Nikavuta pumzi hadi kwenye kitovu, nikawika. Nikapanda, nikakaa kule juu, nikashuka.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakumbuka yuko upande gani, akakunja uso.

Lakini nilipochungulia penye mpasuko wa pazia, mbele mambo yalikuwa yanaharibika.

Mzee Masafa, na magodoro yake ya miaka ishirini, alikuwa amechagua ndege mkubwa, mnene, mwenye kilemba chekundu kichwani. Makofi yakiendelea, yule ndege akajikunyata kwenye tundu, akatulia, akafumba macho kidogo.

Akataga.

Daktari wa mifugo akasogea, akaingiza mkono, akalinyanyua lile yai juu watu wote walione. Akafuta miwani.

"Ndugu zangu," akasema kwa upole, "huyu ni mama."

Wee! Vicheko vilivyotokea, nilifikiri paa linaondoka. Mwenye Redio ya Trei alicheka hadi akakaa chini. Mzee Masafa akapata wazimu.

"Na huyo wenu?" akapiga kelele. "Huyo wenu ni dume, sawa, lakini aliwahi kufungua mdomo? Mkagueni!"

Daktari akakubali, haki ni haki. Akamtoa jogoo wa Trei kwenye tundu, akambana kwapani, akamshika mdomo kwa vidole viwili, kimya kabisa.

"Haya," akasema. "Awike."

Sasa kwenye mpasuko niko mimi, mama mkwe haoni kitu. Kasikia tu "Awike."

Nilimrukia nimzibe mdomo. Nilichelewa.

Akawika. Na naapa, ndiyo ilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Ilipanda, ikakaa, ikashuka ngazi zote. Huku jogoo mwenyewe kashikwa mdomo, anatazama watu kwa mshangao kama wao.

Mtu mmoja akavuta pazia.

Tukaonekana wawili, tumechuchumaa, shingo nje, mkono wangu uko mdomoni kwa mama mkwe.

Na safu ya tatu, na sare yake nyeupe, katikati ya manesi wenzake, alikuwa amesimama mchumba wangu.

"Mama?" akasema.

Kisha akanitazama mimi. "Na wewe?"

Akachukua mkoba wake akaondoka.

Tulifukuzwa kazi palepale, wote wawili, na mabosi waliokuwa wamekunjana mashati. Wala hatukusikia vizuri. Mama alishavua viatu anamkimbilia binti yake, na mimi nyuma nimevibeba.

Tulimkuta kajifungia chumbani. Tukasimama mlangoni kama wanafunzi waliochelewa.

"Mnajua nimewaambia nini kazini?" sauti ikatoka ndani. "Nimemwambia matroni mchumba wangu ni mkuu wa idara! Hiyo idara yenu ina watu wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Na mimi sijali kuwika," akasema, sasa sauti inatetemeka. "Mngenieleza ningecheka tukaendelea. Nyinyi ndio watu wangu wawili tu. Wote wawili kila siku mnanidanganya."

Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba lakini niliuona kama ukuta wa benki.

Ndipo mama akasogea mbele. Yule yule aliyenipima kuanzia viatu.

"Mwanangu, mimi nimekosa, nitakuomba radhi mpaka uchoke. Lakini huyu kijana usimwache. Ile kazi naijua. Unaamka saa kumi alfajiri, mvua, homa, koo linauma, unakwenda kufanya sekunde sita ambazo hakuna atakayekushukuru. Huyu kafanya miaka minne na hajachelewa siku moja. Mtu wa namna hiyo hatoroki nyumba."

Akafikiri kidogo.

"Ingawa anawika kwa pua."

Ndani tukasikia mtu anajizuia kucheka, anashindwa. Ufunguo ukazunguka.

Jumatatu asubuhi, redio zote mbili zilifungua matangazo bila jogoo. Jiji likalala. Walimu walichelewa, wanafunzi wakafurahi, waokaji wakaunguza mikate. Kufika saa tatu kulikuwa na watu chini ya Magodoro na watu chini ya Trei, wote wanadai kuwikiwa.

Mzee Masafa akaja mwenyewe kwenye duka la cherehani, kofia mkononi. Mwenye Trei akawa wa pili kwenye foleni. Mama hakunyanyua macho kutoka kwenye mshono.

"Sisi hatuachani," akasema. "Mkitutaka, mtutake pamoja."

Vituo viwili, jogoo mmoja wa watu wawili. Asubuhi wakaanza kurusha kipindi kimoja. Miezi sita baadaye wakaona kuwa na mitambo miwili ni ujinga. Mwaka ulipoisha wakang'oa ubao mmoja, ukabaki mmoja mlangoni, na ndicho kituo mnachokijua leo. Wawekezaji hawakuona maono. Waliona mwanamke mmoja hataki kunyanyua macho.

Na ile sauti ya jogoo iliyorekodiwa, inayofungua matangazo mpaka leo?

Si yangu. Si ya mama.

Siku ya kuirekodi tuligombana studioni nusu saa nzima, yeye anataka ishuke, mimi nataka ipande. Mke wangu alikuwa ametuletea chai. Akaweka chupa chini, akatusogeza kwa viwiko, akawika mara moja, akachukua chupa yake akaenda zamu.

Fundi mwenzangu alikuwa amesharekodi.

Funzo? Ninalo moja tu. Vijana mnaokwenda kuchumbia, mnapoulizwa kazi yenu jibuni ukweli, hata kama ni kuwika. Halafu, kwa adabu zote, mwulizeni na mama mkwe yeye anafanya nini.