Njumu za Mjapani

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nasafisha njumu za wachezaji katika klabu moja ya Dubai. Mshambuliaji wetu Mjapani hakutaka mtu aziguse zake. Kila baada ya mazoezi aliketi sakafuni akazisugua mwenyewe. Ilinikera, maana meneja aliniona mvivu. Nikamwambia, "Sir, hiyo ni kazi yangu." Akainamisha kichwa, akaendelea kusugua.

Mabao yakaadimika. Siku moja aliitwa ofisini kabla hajavua njumu, akaambiwa khalas, basi, amepatikana mchezaji mwingine wa kigeni wa kushika nafasi yake. Alipotoka alizivua zikiwa na udongo, akaziweka miguuni pangu, akaenda zake akiwa na soksi tu.

Sasa ilikuwa kazi yangu. Brashi nilikuwa nayo mkononi, lakini udongo ulikauka nikiwa nazitazama.