Shemeji anataka kunidunga sindano za bega, na figo ninayobeba ni ya mke wake

Admin, ficha jina, maana Wamunyu nzima inanijua. Niko na miaka arobaini na tisa, mchongaji wa vinyago. Twiga wangu walifika Ujerumani, na mimi nikawafuata. Kule nilikula viazi mpaka nikaanza kuvitukana kwa Kijerumani. Shule niliachia darasa la saba lakini dunia nimeiona. Siku hizi nimechoka tu, ndugu zangu.

Figo zangu zilikufa. Dada yangu mdogo akanipa moja yake, na mume wake akakubali bila kelele. Tangu hapo nakunywa dawa za kuzuia mwili usiikatae, na dawa hizo hizo zinashusha kinga.

Sasa bega la mkono wa kushikia tezo la kuchongea limekauka, hata shati navalishwa. Shemeji naye amesoma kozi fupi ya sindano kavu, zile nyembamba zisizo na dawa, zinadungwa kwa msuli uliokaza. Amefungua chumba hapo sokoni na anataka bega langu liwe tangazo lake. Sindano ni mpya, ziko kwa pakiti, sikatai. Lakini daktari wa figo aliniambia: "Mzee, shimo ni shimo. Mdudu akiingia, mwili wako hauna askari wa kutosha. Kwanza tupime damu, ukandwe, ufanye mazoezi. Mambo ya sindano tutaongea baadaye, na mtu anayeelewa hali yako."

Nikamweleza shemeji. Akacheka.

"Wewe umejitoa vibanzi vya mpingo na ncha ya kisu maisha yote, leo unaogopa kasindano? Basi acha hizo dawa wiki moja, mwili upate nguvu, nikudunge."

"Nikiziacha figo inakufa, shemeji."

Akasema, "Mimi nilikubali upewe figo ya mke wangu. Wewe unaninyima bega?"

Ameshaalika watu Jumapili, wakitoka kanisani waje waone nikidungwa.

Jana dada akanipigia, sauti ya chini kabisa. "Kaka, mimi siwezi kuchagua kati yenu. Lakini kumbuka nimebaki na moja. Ingine sina ya kukupa."

Wenzangu, huyu mtu nitamwambia nini Jumapili mbele ya watu wake, na ndoa ya dada yangu ibaki nzima? Nitasoma majibu yote, hata ya matusi.