Nilimpeleka mama mkubwa kisiwani siku "isiyo na watu", tukakuta na bahari imeondoka

Wakuu, habari za muda huu. Naandika kama ilivyokuwa, chumvi sijaongeza. Iliyopo bado imeganda kwenye nguo zetu.

Asubuhi moja nilikuwa Mkunya, Newala, kwa mama mkubwa. Nimekunywa chai, nimetazama barabara, miguu ikaanza kuwasha. Nikaaga, naenda popote.

"Popote hapo pana bahari?" mama mkubwa akauliza.

Kumbe miaka yote alitamani kuingia baharini mzima mzima, japo mara moja. Sharti: asionekane. "Mtu mzima nacheza maji, watanisemaje?"

Watu wa Newala mnaelewa. Huyu tangu usichana anateremka bondeni kuteka maji, anapanda mlima na ndoo kichwani. Kuoga kwake ni kopo.

Timing nikaipiga mimi. Katikati ya wiki, korosho bado ziko mashambani, hela haijatoka, nani atatembea? Tukalala Mtwara kwa ndugu, asubuhi boti ikatuvusha hadi kisiwa kidogo.

Ufukwe mtupu! Nikajisifu.

Mama mkubwa akakaza khanga, akaingia. Maji ya kifundo. Akasogea, bado kifundo. Kila akiyafuata, yanarudi nyuma.

"We Saidi, nani kafungua koki?"

Mara wakatokea wanawake, kundi zima, ndoo na vyuma mikononi. Ufukwe ukawa mnada.

"Shikamoo mama," akasema mmoja, Mama Somoe. "Mnayakimbiza maji? Leo bamvua, yanakwenda mbali kabla ya kurudi kujaa. Sisi tumefuata pweza."

Wakuu, mwezi ulikuwa mpevu! Mimi nilitazama kalenda ya ukutani, wenzangu wanatazama juu. Niliishia darasa la sita, labda somo la mwezi na maji lilikuwa la saba.

Mama mkubwa akainamisha uso. "Nirudishe." Nikajua akirudi hivi, hatatoka tena Mkunya.

Mama Somoe akamuuliza kulikoni, naye akasema ukweli. Wakacheka kweli, ila siyo alivyoogopa.

"Ndiyo hilo tu? Subiri jioni! Maji yakijaa, sisi wote tuko jikoni na pweza. Nani atakuona? Na mtalala kwangu, gesti hapa hakuna."

Jioni ufukwe ulikuwa mtupu kweli. Nikaamriwa nigeuke nitazame minazi. Nikasikia mpwaa, halafu kicheko ambacho nyumbani sijawahi kukisikia.

"Saidi! Yote haya, na hakuna wa kuyapandisha mlima!"

Nilichojifunza: kabla ya kuchagua siku, muulize mwenyeji maji yanajaa lini. Wazoefu wa visiwa, tiririkeni hapo chini.

Jina la kisiwa msiniulize. Mkijaa kule, mama mkubwa ataogea wapi?