Mugomba Waliotaka Kuuzika kwa Jina Langu

Cheka kwanza, umalize, kisha nitaanza. Kila muntu akisikia kwamba mimi, mutoto wa mulima wa Masisi, nilishafua mashuka ya wazungu katikati ya bahari kubwa, anacheka. Nimezoea. Lakini kile kilichonipata kule, kweli ya Mungu, sijaona bado muntu wa kukicheka mpaka mwisho. Sikuota. Sikuwa na homa, na pombe sinywi tangu kipaimara. Tena ilikuwa saa tisa ya muchana, jua kali, na kulikuwa muntu mwingine pembeni yangu. Sasa utasema nini?

Leo niko hapa Kashebere, nauzisha chumvi na sabuni mu duka ya papa mumoja, baba mutu muzima wa Butembo. Yeye hapendi nisimulie hii habari dukani. Ni Mukatoliki wa misa ya kila asubuhi, anasema inafukuza wateja. Mimi naona inawaleta. Leo ameenda Walikale na lori yake, basi ikala, kaa chini pale ku gunia la mchele, usiogope.

Nilifikaje mu meli? Vita njo ilinitoa. Nilikimbilia Goma, kisha Kampala, kisha nikateremka mpaka Mombasa, nikapata kazi ya kufua mu hoteli. Mule hotelini wakaja watu wa kutafuta wafanyakazi wa meli ya matembezi, ile inayozungusha matajiri dunia nzima miezi mine. Wanakula, wanalala, wanateremka kuangalia, wanapanda tena. Nikaandika jina. Nikamuita mama yangu ku simu, nikamuambia nimepata kazi mu bato, maana kwetu meli tunaiita bato. Hakupenda. Aliniuliza mulima utalimwa na nani. Nikamujibu vibaya, sitaficha. Nilimuambia viazi havijawahi kumutoa muntu mu shida, na nikakata simu.

Unafikiri maisha ya meli ni kuangalia maji? Sisi wa buanderi, wale wa kufua, tulikuwa chini kabisa, mahali hakuna hata dirisha. Naamuka saa kumi na moja, navaa nguo nyeupe ya kazi, naingia katikati ya mashini. Mashuka, taulo, vitambaa vya meza, tena mashuka. Kuna muntu mule alikuwa anaoga mara tatu kwa siku, na kila mara taulo mupya. Mimi nikawa najiuliza, huyu analima wapi? Chakula chetu kilikuwa wali na samaki, kesho wali na kuku, keshokutwa wali. Bugali niliitafuta mu meli yote ile mpaka nikakata tamaa. Na kwa sababu tulikuwa tunaenda upande jua linazamia, kila siku chache shefu wetu, mukubwa wa kazi, alibandika karatasi ku mulango: usiku huu mutarudisha saa nyuma. Saa moja, tena saa moja. Mwisho sikujua tena kama kwetu mama analala ao iko shambani.

Upweke wa kule si wa kukosa watu. Watu walijaa. Lakini miezi miwili sikusikia muntu hata mumoja akitamka jina langu vile wanalitamka nyumbani. Nilifika mahali pa kuongea Kihunde, luga ya kwetu, na mashini ya kukausha. Usicheke hapa, hapa siyo pa kucheka. Nilikuwa naisalimia asubuhi, naiuliza kama imelala vizuri. Rafiki nilikuwa na mumoja tu, dada Mufilipino wa kukunja mashuka, na tulikuwa tunaongea Kiingereza cha kuokotaokota.

Meli ikifunga bandarini, matajiri wanateremka vikundi vikundi na namba kifuani, wanafuata muntu wa bendera, kama watoto wa primeri. Asubuhi wanaonyeshwa kanisa ya zamani, muchana mahali pa kununua shanga, saa kumi wamerudi na sisi tunapokea taulo zao zimejaa muchanga. Sisi, kama ni zamu yako ya kupumzika, unapewa saa tatu za kuteremka. Wenzangu wote walikuwa wanakimbilia mahali pa rezo, mutandao wa simu, waite kwao. Mimi pia mara za kwanza nilijaribu. Telefone ya mama haipatikani. Ya kaka yangu haipatikani. Nikajua vita imefika kule, antene imeanguka. Kisha nikaacha kujaribu, na hapo njo dhambi yangu iko. Bandari mbili nzima nilitembea tu, nikala kremu ya barafu, nikaangalia samaki mu vioo. Nilikuwa bado na hasira. Nikajiambia, wanitafute wao.

Sasa sikia kile sikuwa najua, maana nilikuja kukijua nyuma sana, nilipokwisha kurudi. Kwetu, ukisema bato, muntu anawaza bato ya Ziwa Kivu, ile ya Goma na Bukavu. Ingine iko wapi? Bahari tunaisikia mu Biblia. Basi siku moja radio ikasema bato imezama ziwani, na wengine miili yao haikuonekana. Watu wetu walikuwa wamekimbia mulima, wako mu kambi ya deplase, wale waliokimbia vita, pale Lushebere, bila telefone. Kaka yangu akaunganisha mambo: dada iko mu bato, bato imezama, dada amenyamaza. Wakaanza kunililia. Na unajua desturi. Muntu akipotea bila mwili, haachwi hivyo hivyo, atazungukazunguka bila kupumzika. Munakata mugomba wa ndizi, munauvalisha nguo yake, munauzika mahali pake na matanga yanaisha. Wakachagua siku. Wakachimba shimo.

Mimi huku nafua.

Siku ya Jumanne tukafunga ku kisiwa kimoja kidogo, jina lake halikunikaa kichwani. Muchanga mweupe, minazi, simenti ya bandari nyeupe mpaka inaumiza macho. Mimi na Mufilipino tuliikala ku ukuta mufupi, bado na nguo nyeupe za kazi, tunakula mukate. Rezo ilikuwa hapo karibu. Sikuenda. Nikaona mama mumoja anakuja kando ya maji, ameinama, kitunga mugongoni, mukanda wa kitunga ku paji la uso, vile mama zetu wanabeba. Mu bandari zote tulizopita sikuwa nimeona mwanamuke wa kubeba vile. Nikasema, huyu ni wa kwetu! Nikasimama, nikamuita kwa Kihunde, na furaha mpaka machozi.

Akainua uso. Alikuwa amevaa triko, sweta ya baridi, rangi ya majani, na jua lile la kupasua mawe. Triko ilikuwa yangu. Niliiacha nyumbani ku musumari. Ku kiwiko cha kushoto nilikuwa nimeishona mwenyewe na uzi mwekundu, na ule uzi nikauona.

Ilikuwa mama yangu. Usiniulize kama nilikuwa na hakika. Wewe unaweza kumukosea mama yako?

Miguu yake ilikuwa na matope meusi mpaka magotini. Hakunisalimia. Aliniangalia kichwa mpaka miguu, vile anaangalia mbuzi sokoni kama iko muzima.

"Wanataka kukuzika leo," akasema. "Walitafuta nguo yako ya kuvalisha mugomba, nikaivaa mimi. Nikawaambia nitaenda kuangalia mwenyewe. Sasa niambie. Uko ao hauko?"

"Niko, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

Akanigusa ku shavu. Mukono ulikuwa baridi, ile baridi ya asubuhi ya Masisi mbele jua halijatoka, na ulinukia moshi. Nilitaka kumuambia ile maneno ya viazi, kwamba anisamehe. Mudomo ulikuwa tayari. Hapo meli ikapiga honi.

Lazima uelewe honi. Ukichelewa, meli inakuacha. Shefu alikuwa ku ngazi, anahesabu watu. Na mimi, sijui ilikuwa akili gani, nikaona kwamba kama mama amefika mpaka hapa, basi niende kumuombea ruhusa apande, kama muntu anayemuombea mugeni kiti. Nikamuambia, "Mama, ngoja hapa kidogo."

"Sawa," akasema. "Nitangoja."

Nikakimbia. Kiingereza chote kilinitoroka. Nilimuonyesha shefu nyuma yangu, nasema mama, mama, na yeye ananionyesha saa yake. Nikageuka. Kando ya maji hakukuwa muntu, isipokuwa Mufilipino wangu, ameinama anaangalia chini.

Yeye hakuona muntu. Aliniona mimi nasimama naongea peke yangu, akafikiri nasali. Lakini aliniuliza hii matope imetoka wapi. Ku simenti ile nyeupe kulikuwa alama za miguu mbili, matope meusi, mabichi, na majani ya mulimani ndani. Mu kisiwa kile hakuna matope, ni muchanga tu. Aligusa, akanusa vidole, kisha akafanya alama ya musalaba. Ni Mukatoliki pia, yule, muambie papa wa Butembo.

Usiku ule shefu akabandika karatasi ingine, na hii hata wewe uliyesoma itakusumbua. Kesho siyo Jumatano, kesho ni Alhamisi. Kuko mahali mu bahari ile tarehe inaruka, na siku moja inaanguka. Mufilipino alinieleza mara tatu. Tulilala Jumanne, tukaamuka Alhamisi. Jumatano yangu iliingia mu maji, hata leo sijaiishi.

Kuanzia pale, kila bandari nilikuwa wa kwanza ku rezo. Haipatikani, haipatikani. Niliomba kuachwa nirudi, wakasema mukataba ni mukataba. Nilifua mwezi muzima nikilia juu ya mashuka ya watu. Meli ilipomaliza muzunguko, sikungoja hata kusalimia Mombasa, nilipanda basi, nikafika Goma, Sake, na mwisho pikipiki mpaka Lushebere.

Watoto wa kambi waliniona wa kwanza. Walikimbia wakipiga kelele, na siyo za furaha. Kaka yangu akatoka mu kibanda cha shitingi, ile plastiki ya kambi, akasimama mbali. Hakunikumbatia. Aliniletea kikombe cha maji, akakiweka chini, akarudi nyuma, akasema nikunywe. Nikakunywa, na yeye anaangalia shingo yangu kama maji yanapita. Kisha akaikala chini, akaanza kulia. Nikamuuliza mama iko wapi.

Hivi njo alinieleza. Mama alikataa mugomba. Alivaa triko yangu siku nne, usiku na muchana, wasiichukue. Kisha homa ikamushika, akalala hasemi, macho yamefungwa. Walijaribu kumuvua, mikono ikakaza. Wazee wakasema tusingoje, Jumatano tuuzike mugomba na kitenge tu. Jumatano alfajiri, na kwangu ku kisiwa ilikuwa bado Jumanne saa tisa ya muchana, wakati wanaleta mugomba, mama akafungua macho, akasimama. Miguu yake ilikuwa na muchanga mweupe. Kaka yangu aliufuta yeye mwenyewe na kitambaa, na hakujua umetoka wapi, maana Lushebere ni matope.

"Musizike," mama aliwaambia. "Iko. Nimemuona, iko na nguo nyeupe, anakula. Amesema nimungoje kidogo."

Akatoka. Akaikala mulangoni mwa kibanda, anaangalia barabara ya Masisi. Wakamuambia alale, iko mugonjwa. Akakataa. Wakamuletea uji. Akasema atakula na mimi. Mvua ikakuja, hakuingia. Saa kumi hivi kaka yangu alikuja kumufunika shitingi mabegani, akakuta amekwisha kufa, ameikala, macho ku barabara.

Na shimo lilikuwa wazi. Kwetu shimo la kaburi likishachimbwa, halilali wazi, litaita muntu. Wakamuzika mule mule siku ile ile, na triko yangu mwilini. Mugomba wakautupa nyuma ya kambi, mbuzi wakaula.

Kaburi liko pale, unaweza kwenda kuliona. Lilichimbwa kwa jina langu. Siku ya kufa kwake nayo, Jumatano ile, kila muntu wa familia alikuwa nayo isipokuwa mimi. Lushebere nilishindwa kukaa. Mama wengine hawapokei chakula ku mukono wangu mpaka leo, wanasema jina langu lilishaitwa juu ya shimo. Siwalaumu. Njo maana niko huku, nauzishia watu ambao hawanijui. Na kila mama anayepita barabarani na kitunga, mukanda ku paji, naacha duka natoka kumuangalia uso. Papa wa Butembo ananigombeza. Namuacha agombeze.

Usiniamini ukitaka, hiyo ni shauri yako. Lakini kama uko na muntu wako mbali, muite. Ikikataa, muite kesho tena, tuma muntu wa lori, tuma barua kwa padri. Ukienda mbali, sema wazi uko ku maji gani. Na siku muntu wako atafika mbele yako, hata mahali hawezi kufika, hata kama meli inapiga honi na kila muntu anakuita, shika mukono wake kwanza, muombe samahani yako yote. Usimuambie angoje. Mama yangu alitembea mpaka mwisho wa dunia kuniuliza kama ninaishi, nikamuambia ngoja kidogo, na yeye akarudi akaningoja ku mvua.