Arvella Agoma Kuvuta Jiko Lake

"Mimi jiko langu silivuti na hayo matairi ya maonyesho!" Arvella alisema, akaugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria hata mchuzi ukaruka.

"Ya maonyesho?" Leland mumewe alikuwa mezani, kofia imekaa gotini. "Umeyaona meno yake? Meno kama ya mamba!"

"Nimeyaona. Kwani mimi naenda kuitafuna barabara? Naenda kubeba nyumba, Leland."

"Nyumba ina magurudumu yake manne, mke wangu. Inajibeba."

"Na shingo yake imelala wapi? Si mgongoni mwa pikapu yangu?"

Twila, dada yake Leland, alikuwa pembeni anamenya viazi. Ana miaka sabini na minne na masikio mabovu, lakini ugomvi huwa anausikia wote. "Wifi kasema kweli," akadakia. "Na mimi nakaa kiti cha mbele humo humo. Tairi likipasuka ndimi wa kwanza kufika mbinguni, na soksi nilizonazo zimetoboka."

"Wewe menya viazi, dada."

"Namenya. Mdomo haushiki kisu."

Walikuwa ndani ya hilo jiko lenyewe linalogombewa: tela refu la nyumba lenye vitanda, meko na friza, limeegeshwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala la nafaka, magharibi mwa Kansas, Marekani. Shamba la mwisho la hapo walimaliza kulivuna jana. Kesho alfajiri kombaini zao mbili, mashine za kuvunia ngano ya watu, zinapandishwa kwenye malori kwenda Nebraska, maili mia tatu, kwa mkulima aliyekwisha kupiga simu mara tatu. Ngano yake imekauka, na mawingu ya mvua ya mawe yameanza kuichungulia. Leland na vibarua wanaendesha malori. Arvella anavuta jiko kwa pikapu, kama kila mwaka.

Ubaya ulianzia Oklahoma. Tope la huko liliikwamisha pikapu siku mbili, Leland akaingia mjini kwa hasira, akarudi na matairi manne mapya yenye meno. Kwenye tope yalikwenda kama sungura, naye akajipongeza wiki nzima. Lakini Arvella alipiga magoti vumbini, akavaa miwani, akasoma ubavu wa tairi kama mtu anayesoma barua ya mtoto aliye vitani. Matairi yake ya siku zote yalikuwa na herufi E ubavuni, alama ya matairi ya mizigo, yenye nguvu ya tabaka kumi. Haya hayakuwa na herufi yoyote ya maana. Yalikuwa ya gari la kwendea kanisani, yamevalishwa buti. Kila moja mwisho wake kubeba ratili elfu mbili mia sita sabini na tisa. Mawili ya nyuma pamoja, elfu tano mia tatu hamsini na nane. Zaidi ya hapo ni kumbebesha Mungu.

Mwenye duka la matairi hapo mjini alishamwekea manne ya herufi E, kila moja linabeba ratili elfu tatu na mia moja na ushee. Anafunga saa kumi na mbili. Saa ya ukutani ilikuwa inasema kumi na moja na robo, na Arvella alikuwa ameitazama mara nyingi hata ikaanza kuona haya.

Alikuwa na sababu. Mwaka juzi alivuta tela hilohilo na tairi la kuazima, jepesi kama haya. Lilipasuka katikati ya daraja. Mlio wake ulikuwa mkubwa hivi kwamba watu wa mji wa jirani walitoka na viti vyao wakidhani ni fataki za sikukuu, wakakaa hadi giza wakingoja nyingine. Tela likachapa mkia kulia, likachapa kushoto. Arvella aliushika usukani mpaka alama za vidole vyake kumi zikabaki, ziko hadi leo, na fundi mmoja aliwahi kumuuliza ni kiwanda gani kinatengeneza usukani mzuri namna ile. Twila alimeza jino la bandia. Lilivyorudi, hiyo tuiache.

"Basi mimi nabaki," Arvella akasema. "Nendeni. Mtakula ngano mbichi."

Leland akacheka. "Ubaki wewe? Wewe ambaye kanisani hufiki wimbo wa pili hujachungulia dirishani?"

Ilimchoma, kwa sababu ni kweli. Aliolewa ana miaka kumi na tisa, wiki moja kabla ya mavuno, fungate akaila ndani ya tela nyuma ya kombaini. Tangu hapo majira arobaini na moja ya joto ameifuata ngano inavyoiva, kutoka Texas hadi mpaka wa kaskazini. Mwanawe alizaliwa Dakota Kusini kwa kuwa mwaka huo ngano iliwahi kuiva, na wanasema mtoto alitoka uso ukielekea kaskazini, mkunga akamgeuza bure. Wakati wa baridi, wakiwa kwao, Arvella huhamisha makabati kila wiki ili asichanganyikiwe, na paka wao hajui tena kitanda kiko chumba gani. Leo nyayo zilimwasha tangu asubuhi. Kombaini za watu wengine zilikuwa zinapita barabarani kwenda kaskazini, na kila moja iliyopita ilimvuta moyo kwa kamba.

Akachungulia dirishani. Akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Akachungulia tena.

"Unamngoja nani?" Leland akauliza.

"Simngoji mtu."

"Anamngoja Verlin," Twila akasema. "Asubuhi tulipanda mizani."

"Wifi!"

Siri ikatoka. Leland alipokuwa anapaka kombaini grisi, Arvella aliliburuta tela hadi kwenye mizani ya ghala, ile ya kupimia malori ya ngano, akayaweka magurudumu ya nyuma ya pikapu tu. Verlin, mpimaji, akaahidi kuleta karatasi mwenyewe, maana malori yalikuwa yamepanga foleni yanampigia honi.

"Mimi nilishuka," Twila akasema. "Sipimwi hadharani kama gunia."

"Mmepima bure," Leland akasema. "Uzito umeandikwa mlangoni, pale kwenye kibati."

"Kibati kiliandikwa tela likiwa tupu! Halijawahi kuwa tupu tangu siku ile."

"Na limejazwa na nani?" Leland akainuka, akashika ubao wa kitanda chao, akaufunua. "Haya! Haya ni nini?"

Chini ya kitanda ilikuwa mitungi ya vioo, safu kwa safu, imejaa aprikoti, matunda madogo ya manjano, katika maji ya sukari. Arvella alizipika njiani, kila mji waliposimama, kwa sababu matunda ya kwao huiva yeye hayupo.

"Mitungi sita," akasema kwa sauti ndogo.

"Sita? Hapa naona shamba zima! Unayalaumu matairi yangu, kumbe unahamisha bustani!"

Hilo ndilo lililomnyima Arvella raha mchana kutwa. Alijua mitungi ni tisini na sita, na alijua karatasi ya Verlin haitapendelea mtu. Akainama ili atoe mmoja, apate cha kushika. Mtungi ukagonga kitu nyuma, kikalia *ngwe*. Akaingiza mkono hadi begani. Akavuta. Ukatoka mnyororo wa kombaini, mweusi kwa grisi, ukaendelea kutoka kama nyoka asiye na mkia. Nyuma yake beringi zimefungwa gazetini, na visu vya kukatia ngano, mafungu manne.

"Leland Koehn," akasema. "Nimelala juu ya duka la vipuri?"

"Vipuri vya dharura."

"Tangu lini?"

"Tangu... zamani kidogo."

"Ndiyo maana mgongo wangu unaniuma!"

"Mgongo wako unauma kwa aprikoti!"

"Aprikoti hazina ncha!"

"Kila mmoja analaumu tairi," Twila akasema, na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, mmoja kakumbatia mtungi, mwingine kajizungushia mnyororo shingoni. Saa ilikuwa kumi na moja na nusu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Verlin akaingia na vumbi la ngano kwenye nyusi. Aliutazama mtungi, akautazama mnyororo, akaona afadhali aitazame karatasi yake.

"Magurudumu ya nyuma," akasema. "Ratili elfu sita na arobaini."

Karibu mia saba zaidi ya mwisho wa yale matairi mawili. Kisu cha Twila kikasimama kwenye kiazi.

"Hapo," Verlin akaongeza, "bila bibi Twila."

Leland akauvua mnyororo shingoni polepole, akauweka chini. Akaitazama saa, duka la matairi lilikuwa bado halijafungwa. Akaichukua kofia, akaivaa, akanyoosha mkono kwa ajili ya funguo za pikapu.