Mtoto wa Punda Aliyebebwa Kuteremka

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikiwa na shahada ya udaktari wa mifugo, buti mpya na maswali mengi kuliko vifaa. Mkuu wangu wa kwanza, Afisa Mifugo wa kata, alinipeleka alfajiri kuchanja kuku nyumba kwa nyumba. Tulipofika nyumba ya tatu nikamuuliza kwa nini tusisubiri jua lichomoze.

"Kwa sababu mchana kuku wametawanyika, Dokta," akasema. "Hilo nalo lilihitaji shahada?"

Nina miaka minne tu katika kazi hii, na najua kumbukumbu kama hizi huandikwa na wastaafu. Lakini aliyenifundisha amestaafu na hapendi kuandika. Basi naandika mimi, kwa ajili ya mtakaokuja nyuma yangu.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Maguu, milimani. Mkuu wangu huko aliitwa Bwana Mifugo na kila mtu, hata padri. Ukimuuliza jambo alivua kofia, akaitazama ndani, akakujibu, "Wewe unaonaje?" Kwa miezi mingi niliamini kwamba hajui majibu.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja astaafu alipokuja ofisini mkulima wa kahawa, Mama Sabina. Punda wake alikuwa mfupi kuliko punda wote wa kijiji, na ndiye aliyembebea mahindi na kahawa mlimani. Sasa alikuwa amezaa.

"Mtoto ni mdogo kama mbuzi," akasema, "na mguu mmoja wa mbele anatembelea kifundo. Wananiambia nimtupe. Sitaki."

Tulimkuta mtoto amesimama kwa miguu mitatu. Kano za nyuma ya mguu, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mfupa, zilikuwa zimekaza tangu tumboni mwa mama yake, zikaukunja ukwato kwa nyuma. Tulimfunga banzi, kifaa cha kunyoosha kiungo, tulilotengeneza kwa bomba la maji la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kutandikwa pamba. Siku kumi zikapita bila mabadiliko. Ikabaki kupasua.

Chumba cha upasuaji hatukuwa nacho. Bwana Mifugo akaelekeza kidole kwenye meza ya Mama Sabina ya kuanikia kahawa, ambayo ilikuwa bado tupu kwa kuwa mavuno hayajaanza. Kimo chake kinafika kiunoni, wavu wake wa waya haushiki maji, na jua linaipiga pande zote. Tuliisugua kwa dawa, tukatandika turubai safi. Nikamchoma mtoto dawa ya usingizi, nikaweka ganzi, nikaitafuta kano fupi iliyo chini ya goti, ile inayoizuia kano kubwa isirefuke. Nikaikata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Bwana Mifugo alishika mguu muda wote.

"Siku ya ishirini na moja," alimwambia Mama Sabina tulipomaliza kufunga bendeji na kurudishia banzi, "ukwato usipokanyaga bapa, tutampa sindano ya mwisho. Mguu wa namna hii ukiachwa unaoza."

Mama Sabina akamfunika mtoto kwa kitenge.

Nikatoa maagizo kama vitabu vinavyosema: afungiwe bandani, anyonye vizuri, atembezwe kidogo mahali tambarare.

"Tambarare iko wapi Maguu?" Bwana Mifugo akaniuliza tukiwa njiani.

Siku ya nane nilikwenda bila taarifa. Banda lilikuwa tupu. Nikasikia vicheko njiani, nikatazama: Mama Sabina anateremka kando ya ngoro, mashimo ya shambani yanayozuia mvua isisombe udongo, mtoto wa punda amefungwa mgongoni kwa kitenge, masikio yamechomoza begani na mguu wenye bomba umetokeza ubavuni kama mpini wa jembe.

"Mama Sabina!" jirani akapaza sauti kutoka shambani. "Mwanao kachukua masikio ya babu yake!"

"Na wewe wako kachukua domo lako!"

Mimi sikucheka. "Shikamoo, Mama. Nilisema afungiwe bandani!"

"Marahaba. Ulisema pia anyonye vizuri. Mama yake namfunga bondeni kwenye majani. Nimpeleke mtoto bondeni, au nimletee bonde hapa?"

"Na kupanda je?"

"Kupanda magoti yangu hayataki. Anapanda mwenyewe. Bomba namvua, linamkwaza. Tunapumzika njiani wote wawili."

Nilikuwa na hasira, lakini nikapima. Kila siku ya tatu nilikuwa napiga picha ya mguu kutoka ubavuni na kuchora pembe yake. Ukwato ulikuwa umeshuka. Ulikuwa umeshuka haraka kuliko nilivyotarajia.

Nilirudi kwenye vitabu. Kumbe mnyama akipanda mlima, ncha ya ukwato huinuka na kisigino hubaki chini, na kwa kila hatua kano inavutwa kidogo. Vitabu vinashauri kiatu maalumu cha kuinua ncha hiyo. Ukurasa huo nilishausoma na nikaufanyia mtihani. Sikuwa nimewahi kuutazama mlima na kuukumbuka. Kesho yake nilibadili maagizo: aendelee, asubuhi tu, njia ileile, asikimbizwe.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa pia siku ya mwisho ya Bwana Mifugo kazini. Alikuja na koti la sherehe ya kumuaga, akapiga magoti kwenye vumbi nalo, akafungua bendeji. Sindano ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mama Sabina alisimama kati yangu na mtoto.

Mtoto akainua mguu. Akauweka chini, ncha kwanza, akasita. Kisha kisigino kikagusa ardhi. Akapiga hatua, ya pili, halafu akaruka na kumpiga Bwana Mifugo teke kwenye koti. Mama Sabina alipiga vigelegele mpaka yule jirani akaja mbio na jembe lake.

"Dokta," akasema Bwana Mifugo akijipangusa, "kimemponya nini?"

"Upasuaji."

"Una hakika?"

"Sina."

"Wewe unaonaje?"

Nikafungua kitabu cha matibabu, nikaandika kwenye safu ya tiba: kukatwa kano, kubebwa kuteremka, kupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe. Mpaka leo sijui kila kimoja kilichangia kiasi gani, na punda mmoja hathibitishi kitu. Lakini kisu nilikishika mimi, na kila nikimwona akipita na mzigo wake mdogo wa kuni, najivunia.

Bwana Mifugo alisoma nilichoandika, akaomba kalamu. Kabla ya kutia sahihi aliongeza mstari mmoja: "Na magoti ya Mama Sabina."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho katika utumishi, na yamepigwa muhuri wa ofisi.