Mkono Uliokataa Kufika Sikioni

Wiki jana nilikuwa soko la Rongai nikingoja vijana wangu wamalize kupakia mahindi kwenye lori, na kungoja ni kazi ambayo sijawahi kuiweza. Nilizunguka lori, nikapiga teke magurudumu, nikagombana na mwenye stoo bila sababu yoyote, mwishowe nikajitupa sokoni katikati ya akina mama. Hapo mama mmoja akafungua chupa ya mafuta ya mbarika ampake mtoto wake kifua. Ile harufu nzito, ya mbegu zilizokaangwa zikapata na moshi juu yake, ilinisimamisha kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma. Sikio langu la kushoto likaanza kuwasha. Dereva akanikuta nimeganda pale pale.

"Mzee, ni sukari imeshuka?"

Nikamwambia awashe gari.

Nyinyi mnaonijua mnajua nina malori. Mnajua nina duka la vyuma pale Nakuru, lenye jina langu juu kwa herufi unazosoma ukiwa ng'ambo ya barabara, na ghorofa ambayo meneja wa benki ni mpangaji wangu. Mnajua pia kwamba niliishia darasa la nne, kwa maana huwa natangaza hata bila kuulizwa, hasa wenye digrii wakiwa karibu. Kitu ambacho sijawahi kuwaambia ni jinsi nilivyoingia darasa la kwanza.

Nilizaliwa kwa shamba la mzungu, mbali juu ya Rongai, kule ambako asubuhi baridi inauma vidole na kuna ng'ombe wa maziwa na maua meupe ya pareto mpaka macho yachoke. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Baba alikuwa anaendesha trakta, Mama alikuwa anachuma pareto, na sisi sote, pamoja na Cucu, mama yake Baba, tuliishi kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama meno.

Shule yetu ilikuwa banda kuukuu la kukaushia pareto. Wazazi walikuwa wameenda kwa mzungu, kofia mkononi, kumwomba mahali pa watoto kusomea. Akakataa. Wakarudi, akakataa tena. Halafu akajenga banda jipya, la zamani akawaachia, kwa sharti moja: maua yakikomaa shule ifungwe, watoto waende kuchuma. Baba zetu wakakandika udongo pale mbao zilipooza, wakachonga viti kwa magogo. Kanisa likaleta mwalimu, kijana mpole aliyeitwa Mwalimu Elija, na likamweka Mzee Yohana, mzee wa kanisa, aisimamie. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Vumbi la pareto halikuwahi kutoka kwenye zile mbao. Ulikuwa ukiingia unapiga chafya, na wadudu wote walikuwa wanakufa. Kwenye laini tuliwajua watoto wa shule kwa njia hiyo: ni wao tu ambao hawakuwa wanajikuna.

Mimi nilikuwa najikuna, na nilitaka kuingia. Nilitaka jinsi mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Lakini kulikuwa na mtihani.

Siku zile hakuna mtu aliyejua mtoto amezaliwa lini. Ungeuliza, ungeambiwa, "Ni wakati wa nzige." Kwa hivyo mwalimu alikuwa na kipimo. Mtoto anasimama wima, anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, katikati kabisa, ajaribu kushika sikio la kushoto. Ukifika, umekomaa, karibu darasani. Usipofika, nenda ukale ugali.

Shida yangu ilikuwa umbo. Mungu alinipa miguu mirefu na kichwa kikubwa, kichwa hiki hiki kilichonitajirisha, lakini mikono aliipima kwa choyo. Mara ya kwanza niliposimama mbele ya Mwalimu Elija, vidole viliishia juu ya nywele, mbali na sikio, vikabaki vinachezacheza hewani. Watoto wakacheka. Nikainamisha kichwa kidogo ili nisaidike, mwalimu akakiinua kidevu kwa rula. "Wima, kijana. Rudi mwaka ujao."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu nyapara, msimamizi wa wafanyakazi wa shamba, naye alikuwa na kipimo chake. Yeye hakuwa na haja na mkono. Alikuwa anakusimamisha kando ya mkebe mkubwa wa maziwa, na bega lako likiupita, wewe ni mtu wa kazi, nenda ukachunge ndama. Mtoto wa shule alikuwa anaachwa mpaka wakati wa maua. Asiye wa shule alikuwa wa nyapara. Mwaka ule miguu yangu iliota kama mtama. Siku moja alinikuta kwenye zizi, akanivuta kwa shati, akaniweka kando ya mkebe, akacheka.

"Umeiva, bwana mdogo! Januari, kama mwalimu hakutaki, mimi nakutaka."

Baba alikuwa karibu. Akavua kofia tu. Tulikuwa tunakaa kwa ardhi ya mtu. Nami nilijua habari za wale wa ndama. Sikuwahi kuona hata mmoja aliyetoka kwa ndama akaenda shule. Walikuwa wanatoka kwa ndama wakaenda kwa ng'ombe.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikuwa nakula kwa mkono mmoja, mwingine uko juu ya kichwa. Naenda mtoni hivyo hivyo. Nilikuwa naning'inia kwenye boriti mpaka kwapa ziungue. Laini nzima walinijua, na nikipita vijana walipitisha mikono juu ya vichwa vyao wakanisalimia, "Sikio, habari?" Kila nikisikia ile reli inagongwa asubuhi, mkono ulikuwa unapanda kichwani wenyewe.

Mtu pekee aliyeona hili ni jambo la kufanyiwa kazi alikuwa Cucu. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, nimepewa jina la marehemu mume wake kama ilivyo desturi yetu, kwa hivyo hakuwahi kuniita mjukuu. Alikuwa ananiita mume wangu. "Mume wangu hawezi kuchunga ndama za watu," akamwambia Mama. Na Cucu alikuwa mwanamke wa masikio. Ndewe zake, ile nyama laini ya chini ya sikio, zilikuwa zimetobolewa na kupanuliwa usichanani mpaka zikagusa mabega, zimebeba shanga za rangi zote, na ya kulia ilikuwa imeshika kikopo cha ugoro. Akitaka kulima alikuwa anazikunja, anazining'iniza juu ya sikio lenyewe kama mtu anavyotundika kamba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala mapajani pake nikipitisha mkono wangu mzima ndani ya lile tundu. Alikuwa na raha na masikio yake. Wanawake wenzake wakimsifu alikuwa anatikisa kichwa makusudi ili shanga ziongee.

Alianza na mkono. Kila jioni alikuwa anaupaka mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto, anauvuta kutoka begani kama anayekamua. Mkono haukusonga. Krismasi ilipopita, Baba na Mama wakiwa kazini, alinikalisha juani, akanipima upya, akaona vidole vimebakiza nafasi ndogo tu, kama unene wa kidole. Akakaa akafikiri, akinusa ugoro.

"Mume wangu," akasema, "mkono umekataa kwenda kwa sikio. Basi tulete sikio kwa mkono."

Akachukua mwiba mrefu, akaupitisha motoni, akanitoboa sikio la kushoto kule juu, kama walivyotobolewa watoto wa zamani. Nililia mpaka mbwa wakabweka. Kisha akapaka yale mafuta, akachomeka kijiti laini, na sikio likajitokeza nje kama mlango uliosahauliwa wazi. Nikapitisha mkono. Kidole kikagusa kijiti! Niliacha kulia hapo hapo, nikaanza kukimbia laini nzima nikionyesha watu. Mama aliporudi akaniona, akaketi chini na kikapu chake. Akamwuliza Cucu kama hajui shule ni ya kanisa. Cucu akajibu kwamba kanisa halikuwa limetaja tundu, lilikuwa limetaja mkono.

Siku ilipofika nilikuwa wa kwanza kwenye mstari, sikio limevimba, linapiga kama ngoma. Mwalimu Elija alikuwa amesimama na rula yake, Mzee Yohana ameketi kando na fimbo, nyapara ameegemea mti akisubiri masazo. Nikasimama wima bila kuambiwa. Mkono ukapita juu. Kidole kikafika.

"Amefika!" wakapiga kelele watoto.

Mwalimu akaja karibu, akainama. "Hapa umegusa mti, kijana. Sikio liko nyuma ya mti."

Watu wakaangua kicheko, lakini Mzee Yohana hakucheka. Alinishika kidevu akageuza kichwa changu, akaona kijiti, akaona usaha. "Tundu," akasema. "Huyu mtoto apelekwe nyumbani. Masikio ya namna hii hatuingizi hapa. Leo ni sikio, kesho ataleta mambo yote tuliyoyaacha."

Nyapara akajitoa kwenye mti. Naapa nilimwona akinyoosha mkono.

Ndipo Cucu alipopita katikati ya watu, shanga zikilia. "Ni mimi nilimtoboa. Mlisema mkono ufike kwa sikio, umefika. Mlitaka nini kingine?"

"Mama, hiyo nyumba yenu bado iko gizani," Mzee Yohana akamwambia, kwa upole wa kuudhi. "Tutajuaje tukimsomesha mchana, hamtamtoboa jioni?"

"Njoo nyuma ya banda tuongee, wewe mtoto wa rika la wadogo zangu."

Wakaenda. Sikusikia maneno, lakini mimi si mtu wa kutulia, nilisogea mpaka kona nikawaona. Mzee Yohana alikuwa anaongea na fimbo yake. Cucu alikuwa amenyamaza, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Baadaye akainua mkono, akashika ndewe yake moja, akaipima uzito kiganjani, akaiachilia. Akatikisa kichwa kukubali. Waliporudi Mzee Yohana akamwambia mwalimu, "Sikio likipona, mpokee." Nyapara akaangalia chini, akaita mtoto aliyekuwa nyuma yangu.

Mimi nilijua maana yake mara moja. Cucu alikuwa amemshinda mzee wa kanisa kwa mdomo, kama alivyowashinda wote. Nikatangaza hivyo laini nzima, na nikaongeza chumvi.

Wiki iliyofuata alipanda gari la maziwa akaenda hospitali ya misheni. Tuliambiwa masikio yake yameingia baridi. Akarudi kichwa kimefungwa kitambaa, na tangu hapo hakukivua mbele ya watu. Sikuuliza, nilikuwa na a, e, i, o, u za kuwapigia watu kelele. Jambo moja tu nililiona, kwamba kikopo cha ugoro kimehamia mfukoni.

"Cucu, mbona ugoro uko huku siku hizi?"

"Kwa sababu mume wangu amekuwa mwizi."

Nikacheka, nikakimbia.

Miaka ikaenda, nikajitengeneza kama mnavyoniona. Nilimjengea Cucu nyumba ya mawe, ya kwanza kule kwetu, yenye kioo dirishani. Ni humo alipougulia. Siku moja niliingia bila kubisha, jinsi ninavyoingia kila mahali, nikamkuta Mama anamwosha kichwa. Kitambaa kilikuwa kitini. Yale masikio yaliyokuwa yakigusa mabega hayakuwepo. Palikuwa na masikio madogo, mafupi, ya msichana, na chini yake mshono mwembamba kila upande, umepinda kidogo, wa mtu aliyeshona haraka. Cucu alikuwa amelala, hakujua nimeingia.

Mama alinitoa nje akaniambia. Mzee Yohana alikuwa amemwambia Cucu kwamba akitaka nyumba yetu iaminike, basi yeye mwenyewe aanze. Akatwe, ashonwe. Hakumwambia mtu ila Mama, na alimkataza Mama kuniambia mimi. "Alisema utajiona una deni," Mama akasema, "na mtu mwenye deni hakimbii vizuri."

Nilitembea kuzunguka ile nyumba ya mawe sijui mara ngapi, na kitu kilichonirudia si siku ya sikio. Ni siku niliyoacha shule. Hakuna aliyenifukuza. Karo ilikuwepo, Mwalimu Elija alikuwa ananisifu, lakini nilikuwa nimeona gereji Nakuru, nimesikia injini zikinguruma, na kile kiti cha gogo kilikuwa kinanichoma. Nilikuja mbio mpaka kwa Cucu, yuko nje anachambua maharagwe, nikamwambia kwa kujidai kwamba nimemaliza mambo ya shule, kesho naenda mjini kuwa fundi. Aliyaacha maharagwe. Akainua mikono yote miwili, akavuta kitambaa chake kikashuka chini ya masikio, akakikaza.

"Lakini kusoma unajua?" akauliza.

"Najua, Cucu."

"Hata barua?"

"Hata barua, hata kitabu kizima."

Akarudi kwa maharagwe yake. "Haya, mume wangu. Basi imetosha."

Nilidhani anazungumza juu yangu.